Ploti, Njama na Msuko: Safari ya Neno Moja hadi Kwale

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, liandike neno ploti ubaoni katika shule yoyote ya upili kati ya Likoni na Lungalunga, kisha uwaulize wanafunzi maana yake bila kuwapa muktadha. Mwanafunzi wa Diani atakwambia ni kipande cha ardhi, na huenda akakutajia na umbali wake kutoka baharini. Wa Ukunda mjini atakwambia ni nyumba ya kupanga: vyumba vya safu mbili vinavyotazamana, ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Mwenye kupenda Sheng atakuuliza, “Ploti ni gani leo?” akiwa na maana ya mpango wa jioni. Aliyekwisha kuvishika vitabu teule ndiye atakayekumbuka kwamba ploti ni istilahi ya fasihi, nayo inahusu jinsi matukio yalivyopangwa katika riwaya au tamthilia.

Aghalabu sisi walimu huwaambia wanafunzi wayasahau hayo mengine yote na kuishika hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayotahiniwa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba ushauri huo unatunyima somo kubwa. Maana za neno hili ni za ukoo mmoja, na historia ya ardhi ya Kwale ni mahali pazuri pa kuuona ukoo huo. Isitoshe, mtahiniwa akielewa jinsi ploti ya ardhi ilivyopatikana Diani na Msambweni, ataelewa kwa nini ploti ya riwaya si muhtasari wa matukio.

Chimbuko la neno

Neno “plot” ni la zamani katika Kiingereza. Maana yake ya kwanza ni kipande kidogo cha ardhi, nayo ilikuwapo tangu Kiingereza cha Kale. Kufikia karne ya 16 neno lilikuwa limepanuka, likawa pia mchoro wa ardhi hiyo kwenye karatasi, yaani ramani yenye kuonyesha mipaka. Mwenye kuchora ramani hupanga, basi neno likahamia kwenye mpango wa jambo lolote. Mwishoni mwa karne hiyohiyo likapata maana ya mpango wa siri wa kudhuru, likisaidiwa na neno la Kifaransa complot, ambalo maana yake ni njama. Njama mashuhuri kuliko zote katika historia ya Uingereza, ile ya Novemba 1605 ambapo Guy Fawkes na wenzake walikusudia kulilipua Bunge la London kwa baruti, mpaka leo huitwa kwa neno hili. Katikati ya karne ya 17 ndipo lilipoanza kutumika kwa mpangilio wa matukio katika tamthilia na hadithi.

Kuna kiungo kimoja ambacho mwalimu wa fasihi atakifurahia. Katika majumba ya maonyesho ya enzi ya Shakespeare, nyuma ya jukwaa palitundikwa karatasi yenye kuorodhesha maonyesho moja baada ya jingine: nani anaingia na lini. Karatasi hiyo nayo iliitwa kwa jina hilohilo. Kwa hiyo kabla ya ploti kuwa istilahi ya mhakiki, ilikuwa ramani ya mwigizaji.

Zingatia mfuatano huo: ardhi, mchoro wa ardhi, mpango, njama, msuko wa hadithi. Katika hatua zote kinachojirudia ni kimoja. Mtu mmoja anakaa kando, anachora mistari, na mistari yake inaamua nani ataingia, nani atatoka na nani atabaki nje.

Kiswahili hakikulifunga fungu hilo kwa kamba moja. Ardhi ina maneno yake. Mpango wa siri una neno njama, tena tunasema watu “wamekula njama”, kana kwamba ni chakula cha sinia moja. Mpangilio wa matukio tumeuita msuko, kutokana na kusuka, kazi ya ukili na nywele. Tulipoliazima neno ploti tulilipokea pamoja na fungu lake zima, na katika Pwani ya kusini fungu hilo lilifunguliwa mbele ya macho ya watu.

Kabla ya bikoni

Ikumbukwe kuwa watu wa Kwale hawakungoja neno la Kiingereza ili waizungumzie ardhi. Mdigo huita shamba lake munda. Kiswahili kina shamba, konde, kiwanja na ngwe. Neno ngwe linastahili kutazamwa kwa makini. Ni kipande cha ardhi kilichopimwa ili mtu akilime, nalo ni jamaa wa ugwe, yaani kamba. Leo tunalisikia zaidi kwa watangazaji wa mpira wanaposema “ngwe ya pili ya mchezo”, na kwa wasemaji wanaozungumzia “ngwe ya mwisho ya maisha”. Kumbe Kiswahili nacho kimewahi kusafiri kutoka kamba hadi ardhi, na kutoka ardhi hadi sehemu za mchezo na za maisha. Mwanafunzi akikwambia kwamba kuunganisha shamba na hadithi ni mambo ya Kizungu, mwonyeshe ngwe.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo maneno ya kale yaliliweza nalo ploti haiwezi. Katika desturi za Pwani, mwenye mnazi si lazima awe mwenye ardhi uliposimama mnazi huo. Mtu aliweza kurithi minazi, kuiuza au kuiweka rehani, na ardhi ikabaki kuwa ya mwingine au ya ukoo. Vilevile palikuwa na ardhi isiyomilikiwa na mtu mmoja kamwe: misitu ya kaya, kama Kaya Kinondo, Kaya Diani, Kaya Waa na Kaya Muhaka, pamoja na njia za kushukia baharini na mahali pa wavuvi kupandishia ngalawa. Haki hizi zilipandana, moja juu ya nyingine. Huyu ana nazi, yule analima muhogo chini yake, na wote wanapita kwenda pwani.

Ramani ya mpima ardhi haiwezi kuchora haki zinazopandana hivyo. Ina mistari minne, bikoni nne na jina moja.

Ploti yaingia Kwale

Mwaka 1895, kwa makubaliano kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 uliwekwa chini ya utawala wa Waingereza, huku mamlaka ya juu yakibaki kwa Sultani kwa jina. Mnamo 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hatimiliki za Ardhi kwa ajili ya ukanda huo. Sheria ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ajitokeze na kuthibitisha dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Ufalme wa Uingereza.

Tazama, msomaji, jinsi uzito wa sheria hiyo ulivyolala kwenye neno moja: kudai. Mfanyabiashara wa mjini aliyezoea hati na makadhi alijua kudai. Jamii za Wamijikenda, ambazo ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ushahidi wao ulikuwa minazi, makaburi na kumbukumbu za wazee, hazikuwa na karatasi ya kupeleka wala mtu mmoja wa kuandikwa jina. Kazi ya kuyasikiliza madai yenyewe haikukamilika katika Pwani yote. Hivyo watu wengi wakajikuta wapo kwenye ardhi lakini hawapo kwenye mchoro. Huko bara ya ukanda huo, sehemu zilizotengwa kuwa akiba ya wenyeji zilikuja kuitwa ardhi ya amana baada ya uhuru, chini ya baraza la kaunti.

Wakati huohuo mashamba makubwa yalianzishwa. Lililo mashuhuri kwa Kwale ni lile la miwa la Ramisi, kusini mwa Msambweni, lililoanza katika miaka ya 1920. Kiwanda chake kilitoa ajira kwa vizazi kadhaa kabla ya kufungwa mwaka 1988. Kilipofungwa, watu waliendelea kuishi na kulima pale. Ardhi ilipokodishwa kwa kampuni nyingine ya sukari mnamo 2007, mvutano ukazuka juu ya nani aliyekuwa mwenyeji na nani aliyekuwa mvamizi.

Hapo ndipo ploti ilipozaa mwenzake, skwota. Neno hili nalo lina mkasa wake. Katika mashamba ya walowezi huko bara, hasa baada ya sheria ya mwaka 1918, skwota alikuwa Mwafrika aliyeruhusiwa kuishi kwenye shamba la Mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Alikuwa mtu aliyekuja, au aliyeletwa. Pwani neno lilibeba maana iliyo kinyume. Skwota wa Kwale mara nyingi ni mtu asiyekwenda popote. Amezaliwa pale, babu yake amezikwa pale, lakini karatasi ina jina la mtu mwingine. Aliyehama hapa ni karatasi.

Mstari wa kwanza

Mnamo 1963 ukanda wa maili 10 uliunganishwa rasmi na Kenya huru. Wengi walitarajia kwamba mistari ya zamani ingefutwa. Badala yake ilikolezwa wino. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka huohuo, na Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968, zilileta upimaji na usajili wa mtu mmojammoja katika ardhi ya amana. Kwa mkulima aliyepata hati kwa haki ilikuwa neema. Lakini upimaji huo ulikwenda sambamba na jambo jingine: utalii.

Katika miaka ya 1970 mchanga mweupe wa Diani uligeuka dhahabu. Hoteli ziliinuka moja baada ya nyingine kando ya bahari, barabara ya lami ikapita nyuma yake, na lugha ya ardhi ikabadilika. Udongo wa ufuoni, ambao mkulima aliuona haufai kwa mahindi, sasa ulikuwa na thamani kuliko konde lolote. Madalali wakaanza kusema “ploti ya mstari wa kwanza”, yaani inayogusa ufuo, “ya mstari wa pili”, ng'ambo ya barabara, na kuendelea hadi huko ndani ambako hakuhesabiwi mistari tena. Jamii nzima ikapangwa upya kwa umbali kutoka majini.

Wavuvi walikuwa wa kwanza kuliona hilo kwa miguu yao. Mahali kama Mwaepe, Mvuleni na Mwanyaza pa Diani ni pa kupandishia ngalawa tangu zamani. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Lakini ili mvuvi aufikie ufuo wa umma, sharti apite kati ya ploti na ploti, na pale njia ilipozibwa kwa ukuta, ufuo hubaki wa umma kwa yule tu anayeweza kuufikia.

Kaya nazo ziliguswa. Kisiwa cha Chale, ambacho Wadigo walikuwa na mahali pao patakatifu ndani yake, kilijengwa hoteli ya kitalii katika muongo wa 1990 ijapokuwa wazee walipinga. Kwa upande mwingine, kuanzia 1992 serikali ilizitangaza kaya kadhaa kuwa makumbusho ya kitaifa, na mwaka 2008 Kaya Kinondo ilikuwa miongoni mwa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni kinaya kinachofaa kujadiliwa darasani. Ili msitu uliolindwa kwa miiko uendelee kusimama, ilibidi nao uchorewe ramani na kuandikwa. Vilevile msikiti wa kale wa Kongo, kwenye mlango wa mto Mwachema, ungali unaswaliwa huku ukizungukwa na majengo ya kisasa.

Kutoka mpango hadi njama

Tumeona maana ya ardhi na ya mchoro. Sasa tuitazame ile ya njama, maana hapa ndipo mwalimu anapohitaji busara zaidi.

Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilikuwa na kifungu, cha 143, kilichoiruhusu mahakama kurekebisha daftari la ardhi iwapo usajili ulipatikana kwa ulaghai au kwa kosa. Lakini kifungu hicho kiliacha nje usajili wa kwanza. Maana yake ni kwamba aliyewahi kuandikwa wa kwanza alikuwa salama hata kama aliandikwa kwa hila. Sheria hiyo ilikuja kuondolewa mnamo 2012. Kwa takriban miaka 50, basi, njama iliyotangulia kufika kwenye daftari ilikuwa na kinga ya sheria.

Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake 2004, ilichunguza ugavi haramu wa ardhi ya umma nchini kote. Baadaye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaisikiliza Pwani pia. Ripoti yake ilipokabidhiwa Mei 2013, kulizuka mzozo kwamba aya kadhaa za sura ya ardhi, zilizogusa ugavi wa ardhi ya Pwani enzi ya rais wa kwanza, zilikuwa zimebadilishwa dakika za mwisho. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kuiidhinisha sura hiyo ilivyobadilishwa. Mwalimu wa fasihi asilipite tukio hili haraka. Waliogombana hawakugombania shamba, waligombania aya. Ploti ya ardhi ilikuwa imegeuka kuwa ploti ya maandishi, na swali likawa lilelile: nani ana haki ya kuchora mistari?

Hata hivyo, mhakiki makini hatosheki na njama peke yake. Si kila ploti ya Diani iliibwa. Wapo waliouza kwa hiari yao ili kulipa karo, kugharimia harusi au kununua matatu. Wapo waliouziana ndugu kwa ndugu, na mjomba aliyetia saini bila kuwauliza wapwa. Wapo madalali waliokuwa wana wa nyumbani. Kuyaita yote hayo njama ya wageni ni kusoma vibaya.

Tena usomaji wa namna hiyo una gharama. Mnamo Agosti 1997 ghasia zilizuka Likoni na kusambaa hadi sehemu za Kwale. Watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakafukuzwa makwao, wengi wao wakiwa watu wa kutoka bara. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo na mengine, ilikamilisha kazi yake 1999. Malalamiko ya ardhi yalikuwa ya kweli na ya zamani, lakini yaligeuzwa silaha mwaka wa uchaguzi. Waliokatwa mapanga hawakuwa wenye hatimiliki za mstari wa kwanza. Wengi walikuwa wafanyakazi na wachuuzi. Hasira ya ploti ya ardhi ilipelekwa kwa jirani wa ploti ya vyumba.

Hiyo ploti ya vyumba nayo isidharauliwe. Ukunda imekua kwa sababu hoteli zinahitaji wapishi, watandika vitanda, walinzi na watunza bustani, na hao wanahitaji pa kulala. Mdigo, Mkamba, Mjaluo na Mtaita wanachota maji bomba moja na kuazimana chumvi. Neno lililozitenga familia kwa bikoni ndilo lililokuja kuwakusanya wapangaji uani. Mwanafunzi anayesema “sisi ni watu wa ploti moja” analitumia kwa maana ya ujirani, na hiyo ni maana iliyozaliwa hapahapa Kenya.

Ploti darasani: kisa na msuko

Tugeukie sasa mtihani. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu ploti au msuko wa riwaya, kosa la kawaida ni kusimulia upya: kwanza hivi, kisha vile, halafu hivi. Anapata alama chache na kushangaa, maana hakuacha tukio lolote.

Mwandishi na mhakiki Mwingereza E.M. Forster, katika mihadhara iliyochapishwa 1927, aliweka tofauti inayotumika hadi leo. Hadithi hupanga matukio kwa wakati, ploti huyaunganisha kwa sababu. Msikilizaji wa hadithi huuliza nini kilifuata, ilhali msomaji wa ploti huuliza kwa nini.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa neno kisa. Kisa ni hadithi, lakini kisa pia ni sababu. Tunauliza, “Kisa cha ugomvi wao ni nini?” na hatutaki kusimuliwa, tunataka kujua chanzo. Lugha yetu imeziweka maana hizo mbili chini ya paa moja, ikituonya kwamba anayesimulia bila kueleza sababu hajatoa kisa bado.

Ijaribu tofauti hiyo kwa Kwale. Mwanafunzi mmoja anaandika: “Watu waliishi Diani. Kisha hoteli zikajengwa. Kisha watu wakawa maskwota.” Matukio yamo, na mpangilio ni sahihi. Lakini “kisha” hizo mbili zimeficha kila kitu. Mwingine anaandika: “Watu waliishi Diani kwa haki za ukoo. Kwa kuwa sheria ya 1908 ilitambua madai ya maandishi, haki hizo hazikuonekana kwenye ramani. Kwa kuwa utalii uliipandisha thamani ardhi ya ufuoni, wenye ujuzi wa ofisi walikimbilia kusajiliwa. Na kwa kuwa sheria iliulinda usajili wa kwanza, aliyechelewa alikosa pa kushtaki.” Huyu wa pili ameandika ploti. Wa kwanza amewafanya watu wa Diani waonekane kama waliopatwa na mvua.

Mifano katika vitabu teule

Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyochapishwa 2012 na kutahiniwa kwa miaka kadhaa, ni shahidi bora wa hoja hii. Mtemi Nasaba Bora ameipokonya familia ya Amani ardhi kwa hati za hila. Ndugu yake, Mwalimu Majisifu, amemwibia Amani mswada na kuuchapisha kwa jina lake mwenyewe. Wahakiki wengi huyachukua haya kuwa maudhui mawili: unyakuzi wa ardhi na wizi wa kazi ya sanaa. Ukilitazama kwa jicho la neno letu, ni wizi mmoja uliofanywa na ndugu wawili. Mmoja ameiba ploti ya udongo, mwingine ameiba ploti ya wino, na vyote viwili vimefanywa kwa kubadilisha jina kwenye karatasi. Njama ndiyo iliyoviunganisha. Mtahiniwa akiweza kulionyesha hilo, hatakuwa na haja ya kusimulia riwaya nzima.

Katika Kigogo ya Pauline Kea, Majoka anakusudia kujenga hoteli mahali lilipo soko la Chapakazi. Mwanafunzi wa Diani hahitaji kufafanuliwa maana ya hoteli kuchukua mahali pa wachuuzi. Katika “Tumbo Lisiloshiba” ya Said Ahmed Mohamed, jitu linaloingia mkahawani na kumaliza chakula linatukumbusha kwamba kuna ulafi usioridhika hata ukiwa na mstari wa kwanza na wa pili. Na katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Ridhaa anaitwa “mfuata mvua” na nyumba yake inateketezwa pamoja na familia yake. Kazi hii inafaa kusomwa pamoja na historia ya 1997, kwa sababu inatuonyesha upande wa aliyeambiwa kwamba si mwenyeji.

Angalizo: usimwache mtahiniwa aandike insha ya historia ya Kwale katika karatasi ya fasihi. Historia ni taa ya kusomea matini, bali jibu sharti litoke kwenye matini.

Hitimisho

Tumeliona neno moja likisafiri kutoka kipande cha ardhi cha mkulima wa Kiingereza hadi ramani, njama na jukwaa la London, likaja Pwani pamoja na bikoni, likazaa skwota, likapanga ufuo kwa mistari, likawakusanya wapangaji wa Ukunda, na hatimaye likaingia katika karatasi ya mtihani. Kule kwa Nguluku na Maumba, uchimbaji wa madini ya titani ulioanza 2013 ulikoma Desemba 2024, na mjadala wa ardhi iliyochimbwa ni ya nani na itumikeje unaendelea. Wanafunzi tulio nao madarasani ndio watakaokalia vikao hivyo. Watapewa ramani waitie saini, na kusimuliwa hadithi yenye “kisha” nyingi.

Ndiyo sababu somo hili linazidi alama za mtihani. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza msuko wa riwaya “kwa kisa gani?” hatashindwa kuiuliza karatasi ya ardhi swali lilo hilo. Mfundishe kuuliza.

Maswali ya kudurusu

1. Fafanua tofauti iliyopo kati ya hadithi, muhtasari na msuko, ukitoa mfano mmoja kutoka kitabu teule unachokisoma.

2. “Nasaba Bora na Majisifu ni wezi wa kitu kimoja.” Jadili kauli hii kwa kurejelea Kidagaa Kimemwozea.

3. Eleza jinsi maneno ngwe na kisa yanavyoweza kumsaidia mhakiki wa Kiswahili kuifafanua dhana ya ploti.

4. Andika aya mbili kuhusu mabadiliko yoyote ya ardhi katika kijiji au mtaa wenu: ya kwanza kwa kutumia “kisha”, ya pili kwa kutumia “kwa sababu”. Linganisha aya hizo.